MABONDE YA MIRIHI NA USHAHIDI WAKE

Ndugu msomaji, mtu akikuonyesha bonde kavu na kukuambia, "Hapa palipita mto," je, utakubali papo hapo, au utataka dalili? Swali hili limewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu kuhusu sayari ya Mirihi, na kisa chake kina funzo kwa kila atafutaye ukweli.

Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli wa Italia aliona kwa darubini mistari juu ya Mirihi. Akaiita kwa neno la Kiitaliano ambalo laweza kuwa na maana ya mkondo wa asili au mfereji uliochimbwa. Percival Lowell wa Marekani akaishika maana ya pili, akaandika vitabu kudai kwamba viumbe wenye akili waliichimba mifereji hiyo wapate maji. Lakini chombo Mariner 9 kilipoanza kuizunguka Mirihi mwezi Novemba 1971, picha zake hazikuonyesha mifereji hiyo. Macho yalikuwa yamedanganyika. Badala yake yalionekana mabonde ya kweli, yasiyolingana na ile mistari.

Basi mabonde haya yalichimbwa na nini? Maji si jibu la pekee. Katika sayari ya Zuhura uko mkondo wenye urefu wa kilometa 6,800 hivi, unaodhaniwa kuchimbwa na mawe yaliyoyeyuka ya volkano. Kwa hiyo umbo la bonde peke yake si shahidi wa kutosha. Yatupasa kupima dalili kwa pamoja.

Kwanza, mikondo mipana kama Kasei imeacha visiwa vyenye umbo la tone. Visiwa kama hivyo vipo katika jimbo la Washington, Marekani, vilivyochongwa na gharika za kale. J Harlen Bretz alipoeleza habari za gharika mwaka 1923, wenzake walimpinga miaka mingi, hata ushahidi ukamthibitisha.

Pili, yapo mabonde membamba yenye matawi kama mti, mfano wa mito yetu. Hata hivyo, uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mengi yanafanana zaidi na yale yachimbwayo na maji chini ya barafu.

Tatu, mwaka 2012 chombo Curiosity kilikuta katika shimo la Gale kokoto za mviringo, kubwa mno kuchukuliwa na upepo. Jiwe hulainika hivyo likibingirishwa na maji.

Ni dhahiri, basi, kwamba maji yalipita juu ya Mirihi zaidi ya miaka milioni elfu tatu iliyopita. Lakini hoja hii haithibitishi kila bonde, kwani wapo wataalamu wasemao kwamba ile mikondo mipana ilichimbwa na volkano. Kila bonde lihukumiwe kwa ushahidi wake.

Lowell hakukosa bidii wala elimu. Aliona alichotamani kukiona. Wewe nawe, ndugu, kabla hujashika neno lolote, jiulize: Je, ninayo kokoto mkononi, au mstari tu machoni?