JINA SI NJIA

Mashua mbili za tajiri mmoja zaweza kutoka bandari ya Kalundu, moja ikaenda Baraka, nyingine Kalemie. Tena mashua za watu mbalimbali hupita maji yale yale. Jina la mwenye mashua halituonyeshi njia yake.

Kompyuta nazo zina majina. Mwaka 1969 Wamarekani walianza kuunganisha kompyuta katika mtandao ulioitwa ARPANET. Mwanzoni zilikuwa chache, na majina yake yaliandikwa katika orodha moja. Zilipoongezeka, orodha ilishindwa. Ndipo mwaka 1983 Paul Mockapetris alipotunga utaratibu mpya wa majina.

Mwaka 1984 ikaelezwa mikia ya majina: com kwa biashara, edu kwa vyuo, gov kwa serikali, mil kwa jeshi, org kwa mashirika mengine. Mikia hiyo ilitaja mwenye kompyuta, wala si waya uliomfikia. Chuo na jeshi waliweza kutumia mtandao mmoja, kila mmoja na mkia wake. Mkia arpa peke yake ulitaja mtandao wenyewe, nao uliwekwa kwa muda tu. Lakini tazama ajabu: ARPANET ilifungwa mwaka 1990, na mkia arpa ungali unatumika!

Nchi nazo zina mikia ya herufi mbili. Kenya ina ke, Tanzania tz, Burundi bi. Nchi yetu ilipoitwa Zaire ilikuwa na zr. Mwezi wa Mei 1997 jina la nchi lilibadilika, na mwaka ule ule tukapata cd. Mwaka 2001 zr ikafutwa. Je, nchi yetu ilihama? Hata kidogo. Jina ndilo lililobadilika.

Basi, watoto, jihadharini. Mkiona cd, msidhani kwamba kompyuta hiyo lazima iko Uvira au Kinshasa. Yaweza kuwa Ulaya. Mkiona org, msiamini upesi kwamba wenyewe ni watu wa huruma, maana siku hizi mtu ye yote aweza kulipia jina hilo. Mtu akiwaomba fedha au siri, kwanza waulizeni wazazi au mwalimu.

Maswali
1. Mkia mil uliwekwa kwa ajili ya nani?
2. Kwa nini orodha moja haikutosha?
3. Zr iligeuka kuwa nini, na kwa sababu gani?
4. Je, mkia org watosha kutuonyesha mtu mwema? Eleza.