Jinsi Ioni Zinavyoharibu Fuwele Zipitishazo Nuru

Kipande safi cha kwatzi huonekana kuwa kitu kigumu kisichobadilika. Hata hivyo, kikiwekwa mbele ya mkondo wa ioni ziendazo kasi, chaweza kuingia rangi, kuvimba, kupasuka, au kuacha kabisa kuwa fuwele. Katika somo hili tutaeleza sababu zake.

1. Fuwele na utaratibu wake

Kwatzi imeundwa kwa atomu za silikoni na oksijeni zilizojipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Kioo kitokanacho na oksidi ya silikoni kina atomu zile zile, lakini hakina utaratibu huo. Tofauti yaonekana katika vipimo. Sentimita moja ya ujazo ya kwatzi ina tungamo la gramu 2.65, ya kioo hicho, gramu 2.20. Kipimo cha mpindo wa nuru ni takriban 1.54 katika kwatzi na 1.46 katika kioo. Basi, kinachovuruga mpangilio wa atomu huvuruga pia njia ya nuru.

2. Ioni hupotezaje nishati?

Iingiapo katika fuwele kwa kasi kubwa, ioni kwanza hutumia nishati yake hasa katika kung'oa elektroni za atomu inazozipita. Kasi ikisha kupungua, hukaa karibu na kila kiini kwa muda mrefu zaidi, na msukumo kati yao huzidi. Hapo ndipo atomu huhamishwa kutoka mahali pake. Kazi hiyo huhitaji makumi tu ya elektronivolti, ilhali ioni yaweza kuanza safari na milioni moja au zaidi. Atomu iliyogongwa hugonga nyingine, kama gololi zilizopangwa mchangani, na nyuma yake hubaki mapengo.

Kwa hiyo uharibifu mkubwa wa namna hii hautokei usoni mwa fuwele, bali karibu na mwisho wa safari ya ioni. Kwa ioni ya heliamu yenye elektronivolti milioni 2, mwisho huo huwa mikromita chache tu ndani.

3. Madhara kwa nuru

La kwanza ni rangi. Katika fuwele ya chumvi ya kawaida, elektroni ikinaswa katika pengo la ioni ya kloridi, hufyonza nuru ya buluu; chumvi huonekana ya manjano. Mapengo hayo huitwa vituo vya F, kutokana na neno la Kijerumani Farbe, yaani rangi.

La pili ni mabadiliko ya mpindo wa nuru. La tatu ni uvimbe: tabaka lililoharibika hutaka kutanuka, lakini fuwele nzima iliyo chini yake hulizuia. Mkazo ukizidi, nyufa hutokea.

Mambo haya si ya maabara pekee. Mwaka 1958 chombo Explorer 1 kilisaidia kugundua kanda za chembe zenye chaji zinazoizunguka dunia. Protoni, yaani ioni za haidrojeni, zimo humo, na wanaobuni lenzi za setilaiti hulazimika kuzikumbuka.

4. Tiba na faida

Fuwele ikipashwa joto, atomu nyingi hupata nishati ya kurudi mahali pake, na mara nyingi rangi hufifia. Utaratibu ukiwa umetoweka kabisa, tiba huwa ngumu zaidi.

Hata hivyo, uharibifu uliopimwa una manufaa. Katika kwatzi, heliamu huweza kujenga chini ya uso tabaka lenye kipimo kidogo cha mpindo. Nuru iliyo juu ya tabaka hilo huakisiwa kurudi ndani, ikaongozwa kama maji mferejini.

Zoezi

(a) Gramu 2.65 za kwatzi zikigeuka kioo kabisa, ujazo utaongezeka kwa asilimia ngapi?
(b) Mwendo wa nuru katika ombwe ni takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Tafuta mwendo wake katika kwatzi na katika kioo.

Majibu: (a) takriban 20; (b) takriban kilometa 195,000 na 205,000 kwa sekunde.