Kujiua: Ugonjwa wa Mtu au wa Jamii?

Mtu anapojitoa uhai, swali la matangani huwa moja: "Kwani alikuwa na nini?" Huyu atataja deni, yule ugomvi wa nyumbani, mwingine atanong'ona habari za jini. Wote wanamtazama marehemu peke yake. Sisi madaktari nasi tulifunzwa hivyo hivyo: tafuta sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, tafuta ulevi, tafuta maumivu yasiyopoa.

Mwaka wa 1897 Mfaransa Émile Durkheim aliligeuza swali. Alipolinganisha hesabu za nchi za Ulaya aliona kila nchi ina kiwango chake cha watu wanaojiua, nacho hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ingawa wanaokufa si wale wale. Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki. Akasema tazameni kamba zinazomfunga mtu na wenzake: zikilegea, au maisha yakipinduka ghafla, wengi huyumba. Hata utajiri wa ghafla aliuhesabu kuwa hatari!

Chukua Diani. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa tangu Machi hadi Agosti. Mpishi, dereva wa teksi na muuza vinyago ufuoni walikosa riziki kwa pamoja. Je, kumwambia mtu kama huyo "jikaze" ni dawa?

Hata hivyo, Durkheim hatoshelezi. Watu mia wakiachishwa kazi siku moja, karibu wote huendelea kuishi. Mbona huyu mmoja? Utafiti wa George Brown na Tirril Harris, uliochapishwa 1978, ulitazama wanawake wa Camberwell, London. Kati ya waliofikwa na mambo mazito, walioshikwa zaidi na sonona ni wale wasio na mwandani wa kumweleza ya moyoni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pande hizi mbili hukutana.

Basi jirani aliyekosa kazi akianza kukesha, kuikimbia baraza, kugawa vitu vyake au kusema hana faida tena, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Aghalabu humpa nafuu. Usimwache peke yake. Mwite anayemsikiliza, awe mjomba au imamu, kisha mfikishe hospitalini, Msambweni au iliyo karibu. Na kama anayeyawaza hayo ni wewe unayesoma, mwambie mtu leo hii.

Wengi walificha kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mgonjwa wa namna hii aje kwa daktari kama ajavyo mwenye malaria. Sonona hutibika, kwa mazungumzo na kwa dawa, ingawa dawa huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi, na katika majuma hayo ndipo anapohitaji watu nyumbani.