Kama nyanya yako alikuwa mkunga, andika habari zake

KATIKA nchi hii kuna watu wengi ambao nyanya yao, au mama ya nyanya, alikuwa mkunga. Kijiji kizima kilimjua. Aligongewa mlango usiku wa manane, akajifunga leso, akafuata taa ya yule aliyetumwa kumwita. Leo wajukuu wakiulizwa habari zake watasema tu, "Alikuwa akizalisha wanawake," basi. Mengine yote aliyoyajua aliondoka nayo.

Hiyo ni hasara, msomaji, wala si hasara ya hadithi peke yake. Mkunga ndiye aliyekuwa daftari la uzazi la ukoo wenu. Alijua ni nani aliyevimba uso na mikono kisha akashikwa na kifafa cha mimba. Alijua ni nani aliyevuja damu hata akazimia, na ni nyumba gani pacha walizaliwa mara kwa mara. Baadhi ya mambo hayo hufuata ukoo. Mwanamke ambaye mamake au dadake alipata shinikizo la damu la ujauzito na kifafa chake, yumo katika hatari zaidi ya kulipata kuliko mwenzake. Pacha wasiofanana nao hutokea zaidi kwa wanawake wenye pacha kama hao upande wa mama. Muuguzi anapokuuliza mambo ya jamaa zako siku ya kwanza kliniki, hajazi karatasi bure.

Mkunga mmoja aliyepata bahati ya kukumbukwa ni Martha Ballard, aliyezaliwa mwaka 1735 na kuishi Hallowell, mahali ambapo leo ni jimbo la Maine, Marekani. Maradhi ya dondakoo yalimuulia mabinti watatu mwaka 1769. Kuanzia 1785 hadi majuma machache kabla ya kufa kwake mwaka 1812 aliandika kila siku maneno machache: hali ya hewa, nyumba aliyoitwa, mtoto ni wa kike au wa kiume, na kama amelipwa. Alivuka mto Kennebec kwa mtumbwi, na majira ya baridi akapita juu ya barafu. Katika miaka hiyo 27 alihudhuria uzazi mara 816.

Jamaa zake hawakuzitupa karatasi hizo. Mwaka 1884 zilimfikia kilembwe chake, Mary Hobart, aliyekuwa daktari, naye akazitoa kwa maktaba ya jimbo mwaka 1930. Wataalamu wa historia walizipekua wakaona ni mambo madogo madogo ya wanawake. Ndipo Laurel Thatcher Ulrich alipokaa akahesabu uzazi mmoja mmoja, akatoa kitabu mwaka 1990, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Mambo madogo madogo hayo ndiyo yaliyoonyesha jinsi akina mama wa wakati ule walivyojifungua, walivyougua na walivyopona.

Nyanya zetu wengi hawakuandika. Kwa hiyo itakubidi uwaulize waliobaki, na usiwaulize watoto wake peke yao. Mtoto atamsifia mamake. Aliyezalishwa naye ndiye atakayekuambia yaliyotokea mkekani.

Keti na mama mzee mmoja, ukamwulize uzazi mmoja baada ya mwingine. Ukiuliza "zamani mlikuwa mkizaa vipi?" utapewa hotuba. Uliza, "Ulipomzaa huyu wa kwanza, uchungu ulianza lini, mtoto akatoka lini? Kondo la nyuma lilichelewa? Kitovu kilikatwa kwa nini, kikapakwa nini?" Kama hakumbuki mwaka, mpe alama: ni kabla ya Uhuru wa 1963, au ni wakati wa njaa ya 1984? Uliza pia juu ya watoto ambao hawakuishi, lakini kwa upole, na mkiwa peke yenu. Kuna mama ambaye hajawahi kuulizwa jambo hilo kwa miaka hamsini. Akinyamaza, mwache.

Utasikia mambo yanayohitaji kufasiriwa. Ukiambiwa kwamba mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, kisha siku ya saba akaacha kunyonya, akakakamaa mwili, "akachukuliwa na nyuni", jua kwamba huenda ilikuwa pepopunda. Vijidudu vyake huingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu, au kilichopakwa udongo, majivu au mavi ya ng'ombe. Siku hizi mja mzito hudungwa sindano ya pepopunda ili yeye na mtoto wakingike. Vivyo hivyo, "alirogwa damu isikatike" mara nyingi ni tumbo la uzazi lililokataa kukaza baada ya mtoto kutoka. Damu hiyo inaweza kumwua mama kwa muda wa saa mbili tu. Dawa ya kukaza tumbo la uzazi ipo hospitalini. Nyanya alikuwa na mikono yake tu.

Usimdharau kwa hayo. Mengi aliyoyafanya ndiyo yanayoagizwa leo na Shirika la Afya Duniani: mama kuzaa akiwa amechuchumaa au kwa mkao anaoutaka mwenyewe, kuwa na mtu wake wa karibu wa kumpa moyo, kutokata kitovu kwa haraka, kumweka mtoto kifuani anyonye mara moja. Kunyonya huko husaidia tumbo la uzazi kukaza. Kuna wauguzi ambao wangefaidika kwa kujifunza maneno yake mazuri kwa mwenye uchungu.

Lakini usimpambe pia. Kama alitoa mizizi ya kuharakisha uchungu, iandike hivyo hivyo, wala usiijaribu. Dawa za namna hiyo zinaweza kupasua tumbo la uzazi. Kama alivuta kondo kwa nguvu, andika. Katika miaka ya tisini, chini ya nusu ya watoto wa Kenya walizaliwa mikononi mwa wahudumu waliosomea kazi hiyo. Kufikia uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa karibu tisa kwa kila kumi. Wakunga wa jadi wengi sasa huwasindikiza wajawazito hadi zahanati, na kazi hiyo pia inaokoa maisha.

Ukimaliza, toa ukurasa mmoja wa mambo ya damu, shinikizo, kifafa, pacha na watoto waliofariki, ukitaja uhusiano wa kila mmoja nawe. Kama wewe au binti yako ni mja mzito, upeleke kliniki mapema, kabla mimba haijafika miezi minne. Palipo na kifafa cha mimba katika ukoo, daktari anaweza kuamua kukupa aspirini kidogo kila siku ili kupunguza hatari. Usijinunulie mwenyewe dukani. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, au uso kuvimba ghafla ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kliniki ni wiki ijayo.

Ile daftari nyingine, yenye majina ya aliowazalisha na malipo yake ya kuku, sabuni na sukari, iweke nyumbani pakavu.