Jina kwenye Cheti, Nguo ya Usaili: Mwongozo kwa Mtafuta Kazi Aliyebadili Jinsia

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda na mkoa mzima wa Katavi

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha mtu aliyesajiliwa mwanamume lakini anaishi na kujitambua kama mwanamke, na cha aliyesajiliwa mwanamke lakini anaishi kama mwanamume. Watu hawa huitwa transjenda. Ni cha mtu anayependa kuvaa mavazi ya jinsi nyingine kwa nyakati zake bila kubadili namna anavyoishi siku zote. Ni cha mwajiri pia: mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwenye hoteli, mkuu wa shule, msimamizi wa machimbo ya dhahabu, mwenye kampuni ya ulinzi.

Mtu wa namna hii akienda kuomba kazi hukwama mahali pawili. Kwanza ni karatasi: cheti kinataja mtu mmoja, aliyesimama mezani anaonekana mwingine. Pili ni nguo. Tuanze na karatasi.

1. NYARAKA ZAKO

Panga mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha Taifa na barua zako za kazi za zamani. Soma jina moja baada ya jingine. Yakitofautiana hata kwa herufi, utaulizwa.

Ukitaka kubadili jina, sheria za Tanzania zinaruhusu. Wakili huandaa hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wanawake wengi waliochukua majina ya waume zao wanaifahamu hati hii, na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huitaka kwa mwombaji yeyote ambaye majina yake yanapishana. Kwa hiyo ofisa akiiona kwenye bahasha yako haitakuwa ajabu kwake.

Zingatia mpaka wake: hati hiyo hubadili jina tu. Nchini kwetu hakuna utaratibu wa kisheria wa kubadili jinsi iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa kwa sababu mtu anaishi kwa jinsia nyingine. Mtu akikuomba fedha akidai atakubadilishia “kimyakimya”, huyo anakuuzia waraka wa kughushi, na kughushi ni kosa la jinai.

Kesi ya jirani inatoa funzo. Nchini Kenya, Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na jina la kiume. Baadaye akaishi kama mwanamke, na cheti kikawa kikwazo kila alipotafuta kazi. Alilishtaki Baraza la Mitihani la Kenya. Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru apewe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsi. Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi kueleweka: alama za mtihani hutolewa kwa ufaulu, hazitolewi kwa kuwa mtu ni mwanamke au mwanamume. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wa Tanzania, lakini wakili anaweza kuitaja mahakamani kama hoja ya kushawishi.

2. BARUA YA MAOMBI NA USAILI

Andika jina la kisheria kwenye barua na fomu. Kama unaitwa kwa jina jingine, unaweza kuliomba litumike kwenye mazungumzo ya kila siku baada ya kuajiriwa.

Huna wajibu wa kueleza historia ya mwili wako, dawa unazotumia wala maisha yako ya faragha. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya kila mtu. Ukiulizwa swali lisilohusu kazi, jibu kwa adabu: “Samahani mheshimiwa, naomba nizungumzie uzoefu wangu katika kazi hii.” Lakini usitoe taarifa ya uongo kwenye fomu, kwa kuwa uongo unaweza kukufukuzisha kazi baadaye.

Mpe mdhamini wako taarifa mapema. Mwalimu au bosi wa zamani anayekukumbuka kwa jina la zamani akipigiwa simu ghafla, anaweza kumwaga siri yako bila kukusudia. Mwambie atumie jina lipi.

3. MAVAZI

Mavazi yanayokubalika kazini hubadilika na nyakati. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi kuanzia Januari 1969. Leo wigi liko kwenye kichwa cha karani, cha mwalimu na cha mtangazaji wa televisheni, na hakuna anayegeuka kulitazama.

Hata hivyo, taratibu zilizopo leo zifahamu.

Serikalini: Waraka kuhusu mavazi ya watumishi wa umma ndio unaoonekana kwa picha kwenye milango ya ofisi na hospitali. Unapanga mavazi ya wanaume upande wake na ya wanawake upande wake, na unakataza nguo za kubana, fupi au zinazoonyesha mwili.

Kampuni binafsi: mwajiri hujiwekea kanuni zake. Uliza kabla ya kusaini mkataba: sare ipo? Ni ya namna gani? Nani anaigharimia? Chumba cha kubadilishia nguo kikoje?

Machimboni, viwandani na kwenye ujenzi: buti, kofia ngumu na glavu ni vilevile kwa wote. Kazi hizi zinaweza kukupa nafuu, maana hapo vazi hufuata hatari ya kazi.

Siku ya usaili, nguo inayovaliwa na wote ni salama zaidi: shati lenye kola, suruali ya kitambaa, viatu vya kufunika vilivyopigwa rangi. Kwenye mitumba hupatikana kwa bei ndogo. Pasi ndiyo itakayoipa heshima. Huu ni ushauri wa kiusalama, uamuzi ni wako. Fikiria njia nzima: utapandaje bodaboda, utashuka wapi, nani atakupokea. Mwambie mtu mmoja unayemwamini unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

Kwa anayevaa mavazi ya jinsi nyingine nje ya kazi tu: hayo ni maisha yako ya faragha. Tenga simu ya kazi na picha zako binafsi, na usiweke sare ya kampuni kwenye picha hizo.

4. SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwemo jinsi na jinsia. Haitaji transjenda kwa jina. Lakini inamlinda hata mwombaji wa kazi, na inahesabu unyanyasaji kuwa ubaguzi. Mwajiri anaruhusiwa kuchagua kwa sifa ya lazima ya kazi yenyewe. Kuendesha mashine ya mpunga hakuna sifa ya lazima ya kuwa mwanamume.

Kwa upande wa jinai, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu tendo la ngono kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni kali mno. Hakizungumzii jina wala nguo. Ukikamatwa, omba kuelezwa kosa lako, omba ndugu au wakili ajulishwe, na usisaini maelezo ambayo hujayasoma.

5. UKIBAGULIWA AU KUFUKUZWA

• Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na walioshuhudia. Tunza ujumbe wa simu.
• Peleka malalamiko kwa maandishi kwa mwajiri, ubaki na nakala.
• Kama umefukuzwa, fika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Kwa malalamiko mengine, ikiwemo kunyimwa kazi kwa ubaguzi, una siku 60. Fomu ni CMA F1.
• Aliyeajiriwa kwa muda wa chini ya miezi sita hawezi kudai kuachishwa isivyo haki, lakini bado anaweza kudai ubaguzi.
• Dai cheti chako cha utumishi unapoondoka. Ni haki yako.
• Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa huduma bila malipo.

6. KWA MWAJIRI

Andika kanuni ya mavazi inayotokana na kazi: usafi, usalama, utambulisho wa kampuni. Mwite mfanyakazi kwa jina alilokuomba. Kemea matusi ya kumwita mtu jikedume au shoga, maana ukinyamaza malalamiko yatakufuata wewe. Choo chenye mlango wa kufunga kwa ndani humaliza ugomvi mwingi. Siri iliyomo kwenye faili la mfanyakazi usiitoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakubana.

NENO LA MWISHO

Mtafuta kazi, tayarisha nyaraka zako wiki hii, kabla nafasi haijatangazwa, na uzikumbuke zile siku 30 na 60, kwa kuwa haki nyingi hupotea kwa kuchelewa. Mwajiri, mpime mtu kwa kazi aliyoomba. Ukishakisoma kijitabu hiki, mpe na mwenzako.