Diski Isiyosomeka: Kufikia Faili Zilizohifadhiwa kwa Mfumo Mwingine wa Tarakilishi

Mtafiti wa fasihi simulizi anaporejea kutoka nyanjani, aghalabu huwa amebeba mavuno yake yote katika diski moja ndogo: sauti za manju, picha za ngoma na mahojiano ambayo huenda yasirudiwe kwa kuwa msimulizi ni mkongwe. Iwapo diski hiyo iliandaliwa kwa tarakilishi ya Macintosh, naye akaichomeka katika tarakilishi ya Windows, huenda asione faili hata moja. Badala yake ataona ujumbe unaomtaka aifomati diski kabla ya kuitumia. Makala haya yanashikilia kwamba tofauti ya mifumo haiangamizi data. Kinachoiangamiza ni kuutii ujumbe huo.

Diski haihifadhi faili kiholela. Huwa na utaratibu wa kuorodhesha jina la kila faili, ukubwa wake na mahali ilipo. Utaratibu huo ndio mfumo wa faili. Windows hutumia NTFS, iliyozuka pamoja na Windows NT mwaka wa 1993. Macintosh ilianza kutumia HFS+ mwaka wa 1998, kisha APFS mwaka wa 2017. Linux nayo aghalabu hutumia ext4. Tarakilishi isiyoujua utaratibu fulani huichukulia diski nzima kuwa tupu au mbovu.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana mfano wa karibu. Tungo za Muyaka wa Mombasa ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na Mwalimu Sikujua, aliyeshirikiana na William Taylor, na mwaka wa 1940 William Hichens akachapisha diwani yake kwa hati za Kirumi. Mtu aliyezijua hati za Kirumi pekee angezitazama karatasi za Sikujua asiambulie neno. Hata hivyo, nani angependekeza zifutwe ili apate mahali pa kuandika? Windows hupendekeza hivyo hasa, tena kwa lugha ya upole. Macintosh nayo, ikikutana na diski isiyoielewa, huonyesha kitufe cha kuiandaa upya, nako kuandaa huko ni kufuta.

Basi hatua ya kwanza ni kukataa, kisha kuuliza diski iliandaliwa kwa tarakilishi ipi. Njia iliyo salama zaidi ni kuirudisha kwenye tarakilishi ya aina hiyo na kunakili faili katika diski nyingine inayosomeka pande zote. Wengi huidharau njia hii kwa kuwa haina utaalamu wowote, ilhali ndiyo isiyogusa diski asilia.

Pale ambapo tarakilishi ya aina hiyo haipatikani, hali hutegemea upande anaotoka mtu. Macintosh husoma diski ya NTFS bila msaada, ila haiandiki ndani yake. Mwenye haja ya kunakili tu hana tatizo. Windows haisomi HFS+, APFS wala ext4 kwa uwezo wake wa kawaida, hivyo huhitaji programu ya ziada, na baadhi ya programu hizo ni za kulipiwa. Linux ndiyo mkalimani hodari. Inaweza kuwashwa kutoka kwa flashi bila kusakinishwa, na husoma NTFS, ext4 na HFS+. APFS bado huhitaji programu ya ziada hata huko. Iwapo diski ilifungwa kwa nywila, hakuna mkalimani atakayefaa bila nywila hiyo.

Je, aliyekwisha kubonyeza kitufe amepoteza yote? Si lazima. Ufomati wa haraka hubadilisha orodha tu, na yaliyomo huweza kubaki hadi yaandikiwe juu. Asihifadhi chochote katika diski hiyo. Amwendee fundi wa kuokoa data mara moja. Kwa diski zisizo na sehemu zinazozunguka, matumaini ni haba zaidi, kwa sababu nyingi husafisha nafasi zilizoachwa wazi.

Kwa anayejiandaa kwenda nyanjani, ni bora diski ifomatiwe mapema, ingali tupu, kwa exFAT, mfumo uliotolewa na Microsoft mwaka wa 2006, ambao Windows, Macintosh na Linux za kisasa husoma na kuandika. FAT32 pia hueleweka kotekote, lakini haipokei faili moja inayofikia GB 4, na video ya sherehe ya harusi hupita hapo kwa urahisi. exFAT ina udhaifu wake: haiweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, kwa hiyo kuichomoa diski ghafla kunaweza kuharibu orodha yake. Itolewe kwa utaratibu, na nakala ya pili ya rekodi iwekwe katika diski nyingine kabla ya mtafiti kuondoka kijijini.