Daktari wa Shule katika Mtaa wa Deptford, London

Mtu akisikia jina la London hudhani ya kuwa watoto wa mji ule siku zote walikuwa wenye afya na wenye kushiba. Sivyo. Katika mtaa wa Deptford, ulio kusini ya mto Thames, mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na nyumba ambazo jamaa nzima ililala chumba kimoja, na watoto waliingia darasani na mapunye kichwani, matege miguuni, na masikio yatokayo usaha. Mwalimu alifundisha, lakini kuna waliokuwa hawamsikii, na kuna waliokuwa hawaoni ubao. Nao walihesabiwa wavivu.

Jambo lililoiamsha Serikali halikuwa huruma peke yake. Wakati wa vita vya Makaburu, toka 1899 hata 1902, vijana wengi wa mijini waliotaka kuandikwa askari walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Ikawekwa kamati ya kuchunguza, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1904. Ndipo Bunge likatunga sheria ya 1906, iliyoruhusu watoto wenye njaa wapewe chakula shuleni, na sheria ya 1907, iliyoamuru watoto wa shule za chini wapimwe na daktari. Kazi ya kupima ikaanza mwaka 1908.

Hapa msomaji na aangalie sana. Sheria ile ililazimisha kupima, lakini kutibu iliruhusu tu, haikulazimisha. Daktari alimtazama mtoto, akaandika katika karatasi yake kwamba ana meno mabovu, akampelekea mzazi habari. Mzazi naye alikuwa kibarua, apataye kazi leo na kesho akose. Daktari wa mtaani alitaka ada; hospitali za sadaka zilijaa watu, na mama akienda kungoja huko kutwa alipoteza ujira wake. Basi karatasi ikakaa, na daktari aliporudi aliyakuta meno yale yale, yamezidi kuoza. Kwa maoni yetu, kumwambia fukara ugonjwa wa mwanawe bila kumwonyesha dawa ni kumzidishia mzigo tu.

Walioliona jambo hili upesi ni Margaret McMillan na dada yake Rachel. Mwaka 1908 walifungua nyumba ya matibabu ya watoto wa shule huko Bow, mashariki ya London, na mwaka 1910 wakaihamishia Deptford. Watoto walitibiwa meno, macho, masikio na ngozi. Lakini likatokea jambo ambalo hawakulitazamia: mtoto aliponywa, akarudi kwao, na baada ya majuma machache akaja tena na ugonjwa ule ule, kwa sababu alirudi katika chumba kile kile kisicho hewa wala maji ya kutosha. Kwa hiyo dada wale wakaanzisha kambi, watoto wakaoga jioni na kulala penye hewa safi, asubuhi wakaenda shule. Mwaka 1914 wakafungua shule ya watoto wadogo bustanini. Rachel alikufa 1917, na shule ile ikaitwa kwa jina lake.

Nayo Halmashauri ya London ilikuwa na kamati za shule, wajumbe wake wakifanya kazi bila mshahara. Hao walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza: Je, miwani imenunuliwa? Mtoto amepelekwa kwa daktari wa meno? Kazi hii haina sifa, walakini pasipo mtu wa kufuatilia, maandiko ya daktari ni wino tu.

Jinsi ya kupima macho yafaa walimu waijue, maana si kazi ya siri. Ubao wa herufi uliobuniwa na Herman Snellen, daktari wa Kiholanzi, mwaka 1862, hutundikwa penye mwanga, na mtoto husimama mbali futi 20. Hufunika jicho moja bila kulibonyeza, asome toka herufi kubwa hata ndogo. Kisha jicho la pili. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa vidole upande ielekeako miguu yake. Akikunja uso na kufumba macho nusu, mwalimu asimgombeze. Hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Mwuguzi wa shule alikagua vichwa kwa kichana chembamba, akitafuta chawa na mayai yake. Akina mama wengi walikasirika, wakaona wamefedheheshwa. Lakini mwezi wa Septemba 1939, watoto wa London walipohamishwa kwenda mashambani kwa hofu ya mabomu, wenyeji wao walikuta chawa wengi vichwani mwao, na nchi nzima ikajua ya kuwa kazi haijaisha.

Dondakoo lilikuwa adui mkubwa kuliko chawa. Mwaka 1940 watu zaidi ya 46,000 waliugua katika Uingereza na Wales, na zaidi ya 2,000 wakafa, wengi wao watoto. Sindano ya kinga ilikwisha kujulikana miaka mingi, na New York na Kanada walikuwa wakiitumia; Uingereza ilichelewa. Ilipoanza kutolewa bure kwa watoto wote, vifo vikapungua, hata mwaka 1957 havikufika kumi.

Sheria ya 1918 ililazimisha matibabu kwa watoto wa shule za chini, lakini wazazi waliweza kudaiwa fedha. Ile ya 1944 ndiyo iliyoondoa madai hayo. Tangu hapo mtoto alipimwa mara tatu: aingiapo shule, amalizapo shule ya chini, na akaribiapo kuacha masomo. Toka Agosti 1946 kila mwanafunzi alipewa theluthi ya painti ya maziwa kila siku ya shule, bila malipo. Mwaka 1971 maziwa hayo yaliondolewa kwa wenye umri uliozidi miaka saba, na mwaka 1974 madaktari wa shule walitolewa katika mamlaka ya elimu, wakawekwa chini ya idara ya afya ya taifa.